Mtoto Aliyemngoja Shangazi Akakosa Nchi

Nyinyi mabinti mliochukua kazi niliyoiacha huko Diani hamjaniacha nipumzike. Kila mkija Waa kunijulia hali mwaniuliza lile lile, Bi Mejumaa, siri ya kazi hii ni nini. Siri hakuna. Nimelea watoto wa watu tangu nywele zangu zi nyeusi mpaka sasa magoti yanalia nikichuchumaa, na karibu yote niliyoyafanya ni kuosha, kulisha, kubeba na kungoja. Lakini liko jambo moja lililonipata kazini ambalo mpaka leo nikilikumbuka naweka kikombe chini. Hilo ndilo nataka mlijue. Nitaanza mwanzo, maana hakuna anayetoka hapa kwenda Msambweni bila kupita Ukunda.

Shule nilisoma mpaka darasa la nne, baba akasema hiyo yamtosha mtu wa kukuna nazi. Mkiona neno limelala upande, liinueni wenyewe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwa Wajerumani waliojenga karibu na ufuo. Nilikwenda na buibui jipya na viatu vya kuazima. Mama wa nyumba alinikabidhi mtoto anayelia kama amechomwa, pamoja na kitabu kinene cha kulelea watoto, cha Kijerumani. Nilikitazama kitabu, nikamtazama mtoto, kisha nikakiweka kitabu juu ya friji na mtoto mgongoni. Kabla sijamaliza kufunga leso alikuwa amelala. Kitabu kile kilikaa juu ya friji mpaka siku walipohama.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bi Nimwaka, Mungu amrehemu, aliyekuwa yaya nyumba ya pili. Mkali, hana meno ya mbele, na sijapata kuona mtoto aliyemkataa. Yeye ndiye aliyenionyesha kupima maji ya kuogea kwa kiwiko, kwa sababu kidole cha mwanamke anayepika hakisikii moto tena. Yeye ndiye aliyeniambia mtoto akipiga hatua ya kwanza mbele yako, nyamaza. Mama yake akirudi kutoka kazini, msimamishe mtoto chini uende zako jikoni, na akikuita kwa furaha uje ushangae kama hukuona. Nimeshangaa hivyo mara nyingi mpaka nikawa hodari wa kushangaa kwa uongo. Ndiyo maana mshangao wa kweli uliponijia sikuwa na sura ya kuuvalia.

Zana zangu zilikuwa leso, mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe, na masikio. Vile vigari vya kusukumia watoto mnavyovipenda havipiti mchangani. Nimevibeba zaidi ya nilivyovisukuma, mtoto mgongoni, kigari kichwani, na watalii wakinipiga picha. Leso chagueni iliyokwisha fuliwa sana, mpya huteleza. Na mtoto mgonjwa msimsikilize kifua peke yake, msikilizeni anavyokataa chakula. Kuna kukataa kwa kiburi na kuna kukataa kwa homa, na havifanani.

Baadaye nikaja kwa Wahindi. Wazungu wana vitabu, Wahindi wana mama zao kwenye simu. Huko nilikuta mengi ya kwetu. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mtoto hukandwa mafuta mpaka awe laini kama unga wa chapati uliolala. Na hupakwa doa la wanja usoni, kubwa, baya kwa makusudi, ili mwenye jicho aanguke kwenye doa amwache mtoto. Nilipoliona doa lile nilijua nimefika kwa watu.

Wa mwisho niliowafanyia kazi ni Nilesh na mkewe Hetal. Si Wahindi wa Mombasa hawa, wale wenye Kiswahili kutushinda sisi wenyewe. Hawa walikuwa wageni kabisa, wametoka Gujarat na mkataba wa kazi. Nilesh alikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika hoteli moja Diani, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake amekiokota kwa mafundi wenzake. Hetal alikuwa mwembamba kama ufito, na mpweke. Nilianza kazi tumbo lake likiwa la miezi mitano, kwa hiyo nilimlea yeye kwanza. Kiswahili nilimfundisha mimi, jikoni, na kila aliposema "tafadhali mwiko" nilisikia sauti yangu.

Binti yake alizaliwa Msambweni, hospitali. Mimi ndiye niliyeshika mkoba. Kitovu kilipodondoka Hetal alitaka kukitupa pamoja na pamba, nikamwomba anipe. Nilikizika nyuma ya nyumba yao chini ya mnazi mchanga, kama nilivyofanya kwa wanangu. Kwetu mtoto ni wa pale kitovu chake kilipozikwa. Hilo si neno la kupambia maulidi. Watu wamegombea mashamba kwa neno hilo, na wameshinda.

Sasa sikilizeni habari ya jina. Kwao jina la mtoto halitolewi na baba wala mama. Hulitoa shangazi, dada wa baba. Mtoto hulazwa katika kitambaa, watoto wanne wakashika pembe wakimbembeza kwa wimbo, na shangazi ndiye hulitamka jina likasikika mara ya kwanza. Nilesh alikuwa na dada mmoja tu, aliyemlea, na dada huyo alikuwa amenuna. Sababu ni kwamba mimba ilipofika mwezi wa saba ilifanywa shughuli ndogo hapa Diani, na lile fungu la dada wa mume likafanywa na jirani. Yule dada huko kwao akaona picha kwenye simu. Mwanamke mwingine amekaa mahali pake, tena anacheka.

Akasema jina atakuja kulitoa mwenyewe, Kenya, kwa miguu yake. Basi wakangoja. Kwanza ilikuwa magoti. Kisha ilikuwa harusi ya mwanawe. Kisha mvua. Nilesh hakuthubutu kumpita. Nami sikuliona jambo geni, maana kwetu pia shangazi ni mtu wa kuogopwa; nimeona harusi ikisimama mlangoni kwa sababu shangazi hakupewa leso yake. Mtoto akaitwa Dhingli, yaani mwanasesere. Akaota meno akiitwa Dhingli, akatambaa akiitwa Dhingli, akanyanyuka akaenda akiitwa Dhingli, na katika karatasi ya serikali pale pa jina palikuwa peupe.

Na mimi wakati huo nilikuwa bibi wa kutamba. Binti yangu Mwanasha ameolewa na Mswisi, ndoa ya kadhi, mume kasilimu mbele yangu mwenyewe. Mtoto wao Faraji anasoma Kurani na anahesabu kwa Kijerumani, na ana pasipoti mbili, nyekundu ya kwa babake na ya buluu ya kwetu. Waa nzima imezishika pasipoti zile. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi: mtoto wa Wahindi aliyezaliwa Msambweni ni Mhindi na ni Mkenya, na siku akitaka kusafiri atachagua rangi. Nilimwambia Hetal hivyo, naye akafurahi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akifikiri hivyo hivyo.

Dhingli alikuwa amepita mwaka na miezi kadhaa simu ilipokuja kwamba mama yake Hetal amelazwa, na madaktari wamesema watoto wake waje. Hetal alikaa sakafuni jikoni na simu mkononi. Alikuwa na neno moja tu, kwamba mama yake hajamwona mtoto. Hilo ndilo jambo lenyewe, msilipoteze njiani: kulikuwa na bibi anayekufa upande wa pili wa bahari, na mjukuu hapa Diani, na baina yao hakuna pasipoti.

Shangazi alilainika siku hiyo hiyo. Mauti hulainisha watu. Jina likatolewa kwa simu, watoto wanne wa majirani wakishika pembe za kitambaa, wawili wao Wadigo, na mimi nimeinua simu juu ili shangazi aone. Mtoto akawa Hiral. Jina likatiwa katika cheti, tukapanda gari la moshi kwenda Nairobi, wazazi wawili na mimi nimembeba.

Katika ubalozi wao tulikaa tangu asubuhi. Benchini alikuwapo mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima wa Mombasa, ana pasipoti ya Kenya na kadi nyingine ya India. Nikamwambia Hetal, waona, mbili. Yule mama akacheka. Akasema kadi ile ni ya kuingia na kukaa kwa wazee wake anapotaka, lakini si uraia: kura hapigi, shamba hanunui. India haitaki mtu mwenye nchi mbili. Ukichukua ya pili, ya kwanza umeiacha mlangoni. Nikadhani anatia chumvi.

Tulipoitwa dirishani niliona uso wa Nilesh ukibadilika kabla Hetal hajanifasiria. Mtoto wa Kihindi aliyezaliwa nje huandikishwa kwao kabla hajatimiza mwaka, na wazazi hutia sahihi kwamba hana pasipoti ya nchi nyingine. Mwaka ukipita, si kwamba mlango umefungwa, ila ufunguo uko India. Yatakiwa ruhusa kutoka huko, na ruhusa haina siku yake. Yule mwanamke wa dirishani hakuwa mbaya. Aliuliza kwa nini walichelewa. Nilesh akajibu kwamba walikuwa wakimngoja dada yake atoe jina. Na yule mwanamke, kwa kuwa ni wa huko huko, alielewa kabisa, akatikisa kichwa kwa huruma, na hakuweza kufanya lolote.

Mimi sikuhuzunika bado. Nilisema moyoni, basi wasipomtaka hao, tutamchukua sisi.

Tuliporudi niliwapeleka mimi mwenyewe Kwale, ofisini, kwa kijana mmoja ambaye nyanyake nilikuwa nikimjua. Alinishika mkono, akaniamkia shikamoo, akatupa viti. Nikamweleza yote kwa fahari, kwamba mtoto amezaliwa hapa, amenyweshwa maji ya hapa, anajua Kidigo kuliko Kihindi, naomba apewe pasipoti. Yeye akauliza swali moja, kwamba mzazi yupi ni Mkenya. Nikamwambia hakuna, lakini mtoto ni wa hapa.

"Mama," akasema, "kuzaliwa hapa hakumfanyi mtu kuwa Mkenya. Awe na baba au mama Mkenya. Sisi twaruhusu mtu kuwa na nchi mbili, lakini hiyo ya kwetu lazima aipate kwa mzazi."

Nikamwambia kitovu chake nimekizika mimi kwa mikono hii.

"Wapi?"

"Diani, chini ya mnazi."

Alinitazama kwa adabu sana. "Mama, mnazi si mzazi."

Mabinti, nimezaa, nimezika mume, nimeona bahari ikirudisha watu. Sijapata kushtuka kama siku ile katika kiti cha plastiki. Mtoto mzima, mwenye meno, amekaa mapajani mwangu akitafuna ncha ya leso, na hakuna serikali hata moja juu ya ardhi inayosema huyu ni wangu. Faraji ana mbili. Huyu hana hata moja. Si kwa sababu amekosa wazazi, anao, wamekaa pale wote wawili. Si kwa sababu kuna vita. Kwa sababu shangazi alinuna, na kila mmoja wetu alidhani upande wa pili umekwisha mshika.

Tukashika njia ya kurudi. Hetal alitazama nje. Mimi nilikuwa nikimshika mtoto kwa nguvu kana kwamba upepo ungemchukua.

Basi kabla sijaendelea, nyinyi mnaolea watoto wa wageni, hili si neno la kuonea haya. Siku arobaini zikiisha waulizeni, mmeshamwandikisha kwenu? Wakisema wanamngoja shangazi, wapigieni shangazi.

Siku zile Hetal aliacha kula. Simu kutoka kwao zilikuwa zikija asubuhi na jioni, mama bado yupo, mama anauliza mtoto yuko wapi. Kwenda peke yake hakutaka, na mtoto bado ananyonya. Jioni moja Nilesh alirudi mapema akaniambia nikae mezani. Katika nyumba za watu mimi hula jikoni na sina kinyongo, jikoni kuna mlango wa kutokea. Hetal akanimiminia chai katika kikombe cha wageni. Nikajua kuna neno.

Nilesh alianza mbali. Akasifu kazi yangu. Akasifu Waa. Kisha akaniuliza kama Mwanasha ni Mkenya, nikamwambia kwani angekuwa nini. Ndipo akalitoa. Kuna mtu Ukunda, dalali, amemwambia mambo haya yana njia. Mtoto aandikwe amezaliwa nyumbani kwangu Waa, mama yake ni Mwanasha, baba abaki yeye Nilesh, na mimi niseme ndiye niliyempokea. Atapata pasipoti ya Kenya, atapelekwa akamwone bibi yake. Na siku ruhusa ya India ikija atachukua na ile, hii ya kwetu ifichwe kabatini.

"Atakuwa na mbili, Aya, kama Faraji wako," akasema, maana kwao yaya huitwa Aya. "Na watu hawatashangaa. Mwanasha ana mtoto chotara tayari. Nywele zinafanana."

Nimetukanwa katika kazi hii. Nimeitwa mwizi wa sukari, nimepekuliwa mkoba mbele ya mpishi. Lakini sijapata kuwekewa chai nikaambiwa binti yangu, mke wa mtu, aandikwe amezaa nje ya ndoa na Mhindi, na mimi bibi niende nikaapie. Ubaya wake ni kwamba hakuwa akinitukana. Alikuwa akiomba. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

Sikumjibu yeye. Nilimgeukia mkewe.

"Hetal, mwanangu, katika hizo karatasi wewe umeandikwa nani?"

Hakuelewa. Nikarudia pole pole, kwamba ikiwa mama ni Mwanasha, na bibi ni mimi, wewe uliyemzaa umewekwa wapi. Hetal akamtazama mumewe, akamwuliza kwa lugha yao. Akajibu kwa ufupi. Akamwuliza tena. Hapo nikafahamu kwamba hakuwa ameambiwa yote. Yeye alidhani Mwanasha atasimama mdhamini tu, kama watu wanavyosimamiana kwa mkopo. Aliinuka akamchukua mtoto sakafuni, mtoto aliyekuwa akicheza wala halii, akamkumbatia kama ametolewa kisimani.

"Ni karatasi tu," akasema Nilesh. "Mama yake anakufa, Aya."

"Najua anakufa. Ndiyo maana bado nimekaa," nikamwambia. "Kwetu nasaba haiazimwi. Wataka kumpa nchi kwa kumnyang'anya mama. Siku huyo dalali akifa, na Mwanasha akihamia kwa mumewe, nani atakwenda mbele ya serikali aseme tulisema uongo, mtoto ni wa Hetal? Na mkwe wangu nimwambie nini, kwamba mkewe amezaa kwa kalamu?"

Alisema nakataa kwa sababu ya dini yangu. Nikamwambia ndiyo, na kwa sababu ya yake. Akaondoka mezani, chai yake haijaguswa. Nikasikia mlango wa gari.

Hetal alibaki amesimama. Akaniuliza afanye nini sasa. Nikamwambia neno ambalo hakuna mama anayetaka kuambiwa na yaya wake: nenda ukamwone mama yako, mtoto niachie mimi.

"Ananyonya."

"Tutamwachisha."

Kuna wanaopaka shubiri kwenye chuchu. Mimi sipendi, mtoto hujifunza kwamba mama ni mchungu, na hilo si somo. Mimi humpa mtoto uji wa mchele wenye tui zito kabla hajaona njaa, na mama huhamia chumba kingine. Yeye ndiye huumia zaidi. Hetal alikuwa akija asubuhi nguo imelowa kifuani, na mtoto akimwona anainua mikono, na mimi nageuka naye dirishani kumwonyesha kunguru. Hii kazi ina siku za kuwa katili kwa upole, na hakuna anayekufundisha.

Siku ya safari nilimkataza asimtoroke mtoto usingizini. Wengi hufanya hivyo, na mtoto akiamka huanza kuuogopa usingizi wenyewe. Alikuja naye Waa, akamuaga mchana kweupe uani kwangu. Mtoto alikuwa ameshughulika na kuku, hakumtazama hata mara ya pili. Hetal akaingia garini hana uso.

Alimkuta mama yake hai. Alimwonyesha mtoto kwenye simu. Mimi nilimshika, yule bibi akatazama kwa muda mrefu, akasema kitu kwa sauti ndogo. Hetal hakunifasiria, nami sikuuliza. Baada ya siku chache yule mama akafa. Wao hawaziki, huchoma, na kuna matanga yake yasiyokatizwa. Ikawa Hetal hawezi kurudi upesi kama alivyodhani.

Nilesh alikuwa akija Waa kila akitoka kazini mapema. Tulikuwa hatusemezani sana. Alileta maziwa na maembe, akakaa mkekani na mtoto. Friji yangu ilikuwa imekufa zamani, nimeifanya kabati ya unga. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikaikuta inanguruma, unga umetiwa katika ndoo safi na kufunikwa. Nilimwekea barafu katika maji yake ya kunywa.

Nitangulize mambo ya karatasi ili yaishe. Ruhusa kutoka India ilikuja mwishowe, mvua za masika zilipokuwa zinaanza, wakati ambapo hakuna tena bibi wa kupelekewa mtoto. Hiral akaandikwa Mhindi, na wazazi wakatia sahihi kwamba hana nchi nyingine, na kwa mara hii lilikuwa neno la kweli tupu. Mkataba wa Nilesh ulipokwisha wakahama. Yule mtoto akitaka kuja kuniona leo, aliyezaliwa Msambweni, lazima aombe ruhusa ya kuingia kama mtalii wa kuja kuota jua. Nikilifikiri hilo nikiwa natwanga, mchi husimama.

Lakini sikio langu halikai kwenye ruhusa ile. Linakaa kwenye siku Hetal aliporudi.

Alifika saa za adhuhuri, Nilesh amemchukua Mombasa, wamevuka Likoni wakaja moja kwa moja. Amevaa nguo nyeupe, hana bangili hata moja, amekonda mpaka sikumtambua alipokuwa akishuka. Mtoto nilikuwa nimembeba ubavuni. Hetal akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama, akamtazama vizuri, kisha akaficha uso shingoni mwangu na kunikamata leso kwa mikono miwili. Hetal aliposogea alipiga ukelele. Jirani zangu waliokuja kumpa pole wakacheka, si kwa ubaya, mmoja akasema huyu keshakuwa Mdigo, mwacheni. Hetal hakucheka. Akakaa chini mkekani.

Nami nitawaambia kweli, kifua changu kilijaa. Nilishtuka kuona kimejaa. Mezani kwao nilikataa kuwa bibi wa karatasi, na sasa bila karatasi yoyote mtoto amenichagua mimi, mbele ya watu. Ningeweza kusema mwache kidogo, atazoea, na siku moja ingekuwa wiki.

Niliwatoa jirani zangu nje. Nikavua leso, yote, maana mtoto alikuwa ameishika nayo ina harufu yangu. Nikamweka mtoto mkekani mbele ya mama yake, yeye na leso yake, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikaufunga.

Alilia. Alilia akiita Yaya, Yaya, akapiga ule mlango kwa viganja. Nilesh alikuwa uani na sanduku mkononi. Alitaka kuingia, nikamshika shati. Sikuwa nimepata kumgusa mwanamume yule hata siku moja. Tukasimama ukutani, mimi nimemshika hivyo, kuku wakipita miguuni. Kilio kiliendelea mpaka nikahisi naumwa na meno. Kisha kikageuka. Kuna kilio cha kumfukuza mtu na kuna kilio cha kumlaumu, na anayelaumu amekwisha kubali. Nikasikia sauti ya Hetal, ndogo, kwa lugha yao, inarudia neno moja moja. Kisha kimya.

"Amelala?" akauliza Nilesh.

Nikaweka sikio mlangoni.

"Hapana," nikamwambia. "Ananyonya."

Kazi yangu yote ya kumwachisha ziwa ilikuwa imeharibika. Nikamwachia shati lake, nikaenda kuwasha jiko, maana watu wametoka safari na hawajala.